Kipindupindu, Uvumi na Chombo cha Lunga

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Haya nimeyasema Mikindani, nimeyasema Newala, na nitayasema tena hapa Mtwara maana bado nasikia viongozi wakidai anayeamini uvumi ni mjinga. Nakataa.

Tarehe 7 Aprili 2024, jimbo la Nampula, ng'ambo ya Ruvuma kwa ndugu zetu Wamakua, watu wapatao 130 walijazana kwenye chombo cha uvuvi, wakatoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji. Kikazama. Wakafa zaidi ya 90, wengi watoto. Wakuu wa jimbo walisema watu wale walikuwa wanakimbia uvumi wa kipindupindu. Jamani, mzazi anayepakia wanawe chomboni anataka kuwaokoa! Huyo utamwitaje mjinga?

Kule kaskazini mwa Msumbiji wahudumu wa afya wamepigwa, wengine wameuawa, wakidaiwa kwamba klorini wanayotia kwenye maji ndiyo inayoleta ugonjwa. Klorini inaua vijidudu vya kipindupindu, hilo halina ubishi. Lakini kaeni pale kijijini muone. Mwaka mzima haji mtu, zahanati haina dawa. Watu wanaanza kuharisha, ndipo magari yanafika, wageni wenye glavu wanamwaga unga majini, na kesho yake wagonjwa wanaongezeka, kwa kuwa walishaambukizwa kabla. Mwanakijiji anahesabu alichokiona: wamekuja, tumekufa.

Kuna atakayesema, "Daktari, unawatetea wazushi." Anayetunga uzushi apate hukumu yake. Namsemea anayeuamini, maana mara nyingine ameshadanganywa kweli. Kule Tuskegee, Marekani, tangu 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali iliwaacha mamia ya wanaume weusi na kaswende yao bila tiba, huku wakiaminishwa kwamba wanatibiwa. Wajukuu wao wakiishuku sindano, utawacheka?

Na sisi hapa Mtwara 2013, habari ya bomba la kupeleka gesi yetu Dar es Salaam, mnaijua. Mikataba ya gesi haikuwekwa wazi, kila mtu akajaza pengo kwa uvumi wake, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Siendelei.

Ya simu na makundi ya WhatsApp leo sitayafikia, muda umekwisha. Nataka jambo moja kutoka kwa maofisa wa kata mliokaa hapo mbele: iteni mkutano kabla ugonjwa haujafika. Tieni klorini kwenye ndoo watu wakiona, subirini nusu saa, kisha mhudumu anywe yeye kwanza.