Jina la Kadi na Kazi ya Kadi: Namna ya Kulinganisha Kadi za Michoro

Mabibi na mabwana, wanafunzi na mafundi mliofika jioni hii, karibuni.

Hapa mezani nina kadi mbili za michoro, yaani vifaa vinavyochora picha za skrini ya kompyuta, na ninaomba zipite mikononi mwenu ili kila mmoja aziangalie kwa macho yake. Zote mbili zinaitwa GT 1030, zote zina gigabaiti 2 za kumbukumbu, na zote zina viini 384, yaani vitengo vidogo vya kufanya hesabu. Mteja anayezikuta zimepangwa kwenye kabati la kioo pale Luthuli Avenue, Nairobi, hana sababu ya kudhani kwamba zinatofautiana, kwa hiyo atachukua ile ya bei nafuu. Lakini ya kwanza, iliyotoka mwaka 2017, ina kumbukumbu ya aina ya GDDR5, iliyoundwa mahususi kwa kadi za michoro, ilhali ya pili, iliyotoka mwaka 2018, ina DDR4, yaani aina ileile ya RAM tunayochomeka kwenye kompyuta za ofisini.

Tupige hesabu pamoja, kwa sababu ndiyo hesabu ninayotaka mtoke nayo hapa. Chukua upana wa njia ya kumbukumbu kwa biti, zidisha kwa kasi ya kila biti moja ya njia hiyo, kisha gawanya kwa 8 ili biti ziwe baiti. Kadi zote mbili zina njia ya biti 64. Ya kwanza hupitisha gigabiti 6 kwa sekunde katika kila biti ya njia, hivyo tunapata gigabaiti 48 kwa sekunde. Ya pili hupitisha gigabiti 2.1, na tunapata gigabaiti 16.8, ambayo ni takriban thuluthi moja tu. Viini vya kadi hii ya pili hukaa vikisubiri data, kama mafundi kumi wa ujenzi wanaongoja mchanga unaoletwa na toroli moja, na katika gemu nyingi idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, hushuka karibu hadi nusu ya zile za ndugu yake. Mimi naona ni dhuluma kwa mnunuzi kwamba tofauti kubwa namna hii imefichwa nyuma ya jina moja.

Kuhusu idadi ya viini nitasema kwa ufupi: ilinganisheni ndani ya kizazi kimoja tu. RTX 2080 Ti ya mwaka 2018 ina viini 4352, na RTX 3070 ya mwaka 2020 ina viini 5888, lakini kwenye gemu nyingi hizi mbili zinakaribiana sana. Katika kizazi hicho cha 2020, NVIDIA, kampuni inayotengeneza kadi hizi, iliviruhusu vitengo vilivyokuwa vikifanya hesabu za namba kamili vifanye pia hesabu za desimali, kisha ikavihesabu vyote kuwa viini. Kila gemu inapohitaji hesabu za namba kamili, sehemu ya viini hivyo huwa haipatikani kwa kazi ile nyingine.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wanaohariri video na wanaotengeneza katuni hapa Nairobi huniuliza mara kwa mara: wachukue RTX 3060 yenye gigabaiti 12, au RTX 4060 yenye gigabaiti 8? Kwa hesabu yetu, ya zamani ina njia ya biti 192 na kasi ya gigabiti 15, hivyo hupitisha gigabaiti 360 kwa sekunde, na mpya ina biti 128 na gigabiti 17, yaani gigabaiti 272. Hata hivyo, kwenye gemu za kawaida ile mpya ndiyo hushinda. Ina akiba ya ndani ya megabaiti 24 badala ya 3, kwa hiyo haihitaji kwenda kwenye kumbukumbu mara nyingi, na viini vyake huenda kwa kasi zaidi, huku ikila wati 115 badala ya 170.

Hali hubadilika pale kazi inapozidi gigabaiti 8. Fungua mandhari nzito ndani ya Blender, programu ya kutengeneza katuni za 3D, yenye picha nyingi zinazofunika nyuso za vitu, na data isiyoenea kwenye kadi italazimika kupitia kwenye sloti ya ubao mama. RTX 4060 hutumia njia 8 tu za sloti hiyo. Ikichomekwa kwenye ubao wa kizazi cha tatu cha PCIe, yaani kiwango cha sloti hiyo, kama ule ulio kwenye kompyuta nyingi za ex-UK (mitumba kutoka Uingereza) tunazouziwa mjini, njia hizo hupitisha takriban gigabaiti 8 kwa sekunde. Kutoka gigabaiti 272 hadi 8! Kwa mhariri au mchoraji anayeishi kwa kazi hiyo, ningemwambia bila kusita achukue ile ya gigabaiti 12.

Kuna pia suala la vipimo vya utendaji. Wastani wa fremu peke yake haujitoshelezi. Tuseme fremu 59 zimechukua milisekunde 10 kila moja, na fremu moja imechukua milisekunde 410. Jumla ni sekunde moja kamili, na wastani ni fremu 60, ingawa mchezaji ameona skrini ikiganda kwa karibu nusu sekunde. Ndiyo maana wapimaji makini hutoa pia wastani wa ile asilimia 1 ya fremu zilizochelewa zaidi. Vilevile ulizeni kama fremu zinazotajwa zimechorwa kweli. Januari 2025, jijini Las Vegas, Jensen Huang, mkuu wa NVIDIA, alitangaza kwamba RTX 5070 ya dola 549 inatoa utendaji wa RTX 4090, lakini dai hilo lilitegemea fremu zinazobuniwa na akili mnemba kati ya fremu halisi, hadi tatu kwa kila moja. Picha huonekana laini zaidi, ila mwitikio wa kipanya hufuata zile fremu halisi.

Kabla hujalipa, tazama mashine itakayopokea kadi. Kompyuta ndogo za ofisini kutoka Uingereza mara nyingi hazina waya wa ziada wa umeme wa kadi, na sloti yenyewe hutoa wati 75 pekee. Hapo chaguo lako ni kadi kama GTX 1650 isiyo na tundu la umeme, tena iwe fupi ili ienee ndani ya kasha. Kama ni kadi ya mitumba, omba iwashwe dukani na ifunguliwe kwa programu ya GPU-Z. Zipo kadi za GTS 450 za mwaka 2010 zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na tangu mwaka 2018 GPU-Z huweka neno la onyo mbele ya jina la kadi bandia kama hizo. Programu hiyohiyo itakuonyesha aina ya kumbukumbu, upana wa njia na gigabaiti kwa sekunde, kwa hiyo hata zile GT 1030 mbili mlizoshika mtazitenganisha mkiwa bado mmesimama kaunta, pesa ikiwa mfukoni.