Kuchangia uboho Ujerumani: hawalipi, na hawatoboi uti wa mgongo

Haya jamani, karibuni. Kila nikipandisha video swali ni lilelile: kuchangia uboho huku wanalipa euro ngapi? Sifuri. Na kabla hujaandika kwamba najitangaza mtu mwema, nisikilize kwanza.

Kujiandikisha DKMS, shirika la huku linalotafutia wagonjwa wa saratani ya damu wachangiaji wa uboho, ni bure, umri 17 hadi 55. Unaletewa vijiti vyenye pamba kwa posta, unasugua ndani ya mashavu, unarudisha pamoja na fomu uliyotia sahihi. Kinachokwamisha wengi ni karatasi. Majina yako matatu yaandike kama yalivyo kwenye pasi. Ukihama, wajulishe mwenyewe. Kuandikisha anwani manispaa hakuwafikii. Na sanduku la barua lisilo na jina lako, posta hawaachi kitu. Halafu nyie wa kutopokea namba ngeni mkidhani ni mdai! Ukilingana na mgonjwa, wanakutafuta kwa simu na barua. Wakikukosa wanatafuta mwingine, na kwa sisi weusi mara nyingi hayupo: rejista ya Marekani, NMDP, inasema mgonjwa mweusi ana nafasi ya asilimia 29 kupata anayelingana naye kabisa, mzungu 79. Alama zetu za HLA, zile za kwenye seli zinazopimwa kuona kama mnalingana, zina aina nyingi mno, na tuliojiandikisha ni wachache.

Uti wa mgongo sasa, maana wengi mnaogopa mtatobolewa hapo. Nimechoka kulijibu hili. Hakuna anayeugusa! Wachangiaji tisa kati ya kumi wanatoa kwa njia ya damu: siku kama tano unachomwa sindano za dawa iitwayo G-CSF chini ya ngozi ili seli mama, zile zinazotengeneza damu, zitoke kwenye uboho zihamie kwenye damu. Mifupa itauma, utajisikia una mafua makali. Meza paracetamol, aspirini hapana, inachelewesha damu kuganda. Kisha mashine: damu inatoka mkono mmoja, inachujwa, inarudi mkono wa pili, muda wa saa 3 hadi 5. Seli zisipotosha, unarudi kesho yake. Waliobaki wanapigwa nusukaputi, wanavutwa damu na uboho nyuma ya mfupa wa nyonga, hadi lita 1.5. Unalala hospitali siku mbili tatu, na uboho unajijaza tena ndani ya wiki chache.

Nauli na hoteli wanalipia wao. Mshahara mwajiri anaendelea kukupa, kisha anarudishiwa, ila mpelekee barua mapema na utunze risiti.

Kughairi ni haki yako mpaka dakika ya mwisho. Ila siku kadhaa kabla ya kupandikizwa, mgonjwa anapewa dawa kali za kuua uboho wake. Ukiingia mitini hapo, wake hana na wako hana. Kama unasitasita, sema simu ya kwanza.

Wa nyumbani, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma inapandikiza watoto wenye selimundu, na wachangiaji ni ndugu zao. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 kulingana kabisa. Mwenye presha, pumu au kisukari asijipime kwa video yangu; kila mtu na mwili wake, muulize daktari wako.