Tulivyogombania vichuguu vya theluji na majirani zetu, Vermont

Haya jamani, habari za huko? Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Karibuni tena. Leo hakuna matembezi wala kuzungusha kamera mitaani. Nimeegesha gari, nje mvua inainyeshea theluji iliyobaki, na nina stori ambayo nimekaa nayo muda mrefu.

Kama mlifuatilia Olimpiki ya 2026, mliona ule mchezo wa skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili ndefu miguuni, ambao mtu anashuka mlima magoti yakienda kama sindano ya cherehani. Kuna ile ya kushuka wawili wawili, mmoja upande mwekundu, mwingine upande wa bluu. Hiyo ndiyo iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka huo, pale Livigno, Italia. Mimi nilipoitazama nikacheka peke yangu, maana huku Vermont, jimbo la Marekani, tulikuwa nayo zamani, watu wa kawaida kabisa, bila televisheni, na kwa ukali ambao sijauona tena mahali pengine. Wale wa Olimpiki wanagombania medali. Sisi tulikuwa tunagombana na jirani.

Ngoja niwaweke sawa kwanza, nisije nikawaacha njiani.

Mteremko wa theluji ukiachwa bila kusawazishwa, unaota vichuguu. Hakuna anayevijenga. Mtu wa kwanza anashuka, akikata kona mbao zake zinakwangua theluji na kuisukuma pembeni. Wa pili anaona pale palipokwanguliwa ndipo rahisi kukatia kona, anapita hapohapo, anakwangua tena. Akija wa mia, ule mkwaruzo umeshakuwa bonde, na theluji iliyosukumwa imekuwa kichuguu kinachokufika kiunoni. Na vinatembea! Sitanii. Kule jimbo la Colorado, kwenye kituo cha skii cha Winter Park, upande unaoitwa Mary Jane, kuna wanasayansi walivipiga picha msimu mzima wakakuta vinapanda mlima, kama sentimita 8 kwa siku, mita 10 hivi kwa msimu. Theluji inashuka, kichuguu kinapanda. Mtu anakwangua upande wa chini wa kichuguu hiki, ile theluji inaenda kutua upande wa juu wa kinachofuata. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilijua nafungwa kamba.

Sasa shikeni hapo, maana ugomvi wetu wote ulianzia hapo. Vichuguu vinafuata tabia za watu wanaovipita. Wakipita watu wenye kona fupifupi za kukazana, vinatoka vya mviringo, vimepangana, vina mdundo. Wakipita watu wa kona ndefu, na wale wa snoubodi, ule ubao mmoja mpana, wanaoteleza kwa ubavu, vinatoka virefu, vimechongeka vibaya, kimoja huku kimoja kule. Kwa hiyo ukitazama mteremko asubuhi kabla ya watu, unajua ni watu gani wanakuja pale.

Kituo cha skii nilichokuwa nafanyia kazi, kwenye lifti ya viti inayopandisha watu mlimani, kazi ya msimu, kilikuwa kituo cha kistaarabu. Kila usiku mashine kubwa za minyororo zilipanda na kusawazisha mlima mzima, asubuhi theluji imetandazwa vizuri ina mistari midogomidogo kama imechanwa. Wageni walipenda. Uliachwa mteremko mmoja tu wa vichuguu, pembeni, chini ya lifti ya zamani. Jirani zetu ng'ambo ya bonde walikuwa kinyume. Mashine zao chache, lifti zao zinalia, lakini vichuguu kila mahali. Mtoto wa kule anajifunza skii kwenye vichuguu kama vile hakuna namna nyingine. Sisi tuliwaita washamba, wao walituita watu wa zulia. Majina hayo yalisemwa uso kwa uso, watu wanacheka, lakini ukiwatazama machoni hawachekei sana.

Mashindano yetu na hao majirani, ya kushuka wawili wawili, yalikuwa Aprili, msimu unaelekea ukingoni. Mwaka mmoja kwetu, mwaka mwingine kwao. Na wakati wa kuanza haukuwa suala la kupenda. Usiku wa Aprili theluji inaganda, asubuhi vichuguu ni jiwe tupu, ukivipita meno yanagongana. Mchana jua linailegeza, inakuwa chembechembe laini zinazokubali mbao. Ukichelewa sana inakuwa uji. Kwa hiyo kuna masaa machache katikati, na kila mtu analitazama jua kama mkulima.

Mimi kazi yangu ilikuwa kwenye timu ya majembe. Nawaambia, hakuna aliyeuona mchezo ule kwa karibu kama sisi. Njia ya vichuguu ina sehemu mbili za kuruka, moja juu, moja chini, na chini ya kila moja kuna mahali pa kutua. Pale pakigandamana, mtu anatua kama kwenye sakafu. Kwa hiyo kila baada ya jozi kushuka tunakimbilia katikati na majembe na reki, tunapasua, tunalegeza, tunatoka mbio kabla jozi nyingine haijaachiwa. Kisha tunatupia majani ya misonobari. Nilidhani ni mapambo! Kumbe mwanga ukiwa hafifu, theluji yote nyeupe, mtu aliye hewani haoni chini iko wapi. Yale majani ya kijani ndiyo yanamwambia ardhi hii hapa, kunja magoti.

Na chumvi. Jua likizidi, kiongozi wetu anapaza sauti, "Chumvi!" Tunapita na magunia tukimwaga kwa mkono. Chumvi inayeyusha kidogo juu, ile kuyeyuka inanyonya joto, theluji ya chini inakaza. Baada ya muda mfupi unasikia mlio wa buti umebadilika, kutoka kujitia kwenye tope hadi kukwaruza. Viganja vyangu vilikuwa vimepasuka kwa baridi ya miezi, sasa weka chumvi humo. Nilikuwa nasonya kwa Kiswahili na hakuna aliyejua nasema nini, raha yake hiyo.

Kwenye mashindano makubwa ya kushuka mmoja mmoja alama zinagawanywa hivi: kona asilimia 60, miruko asilimia 20, kasi asilimia 20. Watu wengi wanadhani anayeshinda ni anayefika wa kwanza. Hapana. Anayeshinda ni yule ambaye kifua chake kimetulia, kinatazama chini ya mlima, huku magoti yanakula vichuguu kimoja baada ya kingine na mbao hazinyanyuki kwenye theluji. Sisi hatukuwa na kompyuta. Waamuzi walikuwa watano, wawili wao, wawili wetu, na mmoja wa kutoka mbali ambaye kila mtu alimtilia shaka. Jozi ikimaliza wanainua vibendera, vyekundu au vya bluu. Vikiwa vitatu kwa viwili, upande mmoja wa umati unazomea na upande mwingine unagonga kengele za ng'ombe hadi masikio yanauma.

Washindani wenyewe sasa! Kwetu alikuwepo fundi wa lifti, mkubwa wa mwili, ndevu zimejaa barafu. Alikuwepo nesi aliyetoka zamu ya usiku, akalala kidogo kwenye gari, akavaa kizibao cha namba. Kwao walikuja seremala, mwalimu wa hisabati, vijana wawili ndugu ambao ukiwatenganisha wanapigana na ukiwaweka pamoja wanapigana. Hakuna aliyelipwa. Sheria ilikuwa kwamba ukishawahi kuwa kwenye timu ya taifa, kaa pembeni ushangilie. Na sheria hiyo ilihitajika huku, msione kama mzaha. Kutoka mji mdogo wa Norwich, hapahapa Vermont, ndiko alikotoka Hannah Kearney aliyechukua dhahabu ya vichuguu kwenye Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010. Na Donna Weinbrecht, mwanamke wa kwanza kabisa kushinda dhahabu ya mchezo huu ulipoingia rasmi Olimpiki mwaka 1992, mazoezi yake aliyafanya kituo cha Killington, hukuhuku Vermont, kwenye mteremko wa vichuguu unaoitwa Outer Limits. Nimesimama juu ya huo mteremko. Nikageuka nikatafuta njia nyingine.

Lakini niliyetaka kuwasimulia ni mama mmoja wa upande wa jirani. Umri wake miaka sitini na kitu, dereva wa basi la shule. Alikuja amevaa suruali ya jinzi, helmeti ya zamani iliyobanduka rangi, mbao zake nyembamba na ndefu ambazo siku hizi huzioni madukani. Vijana wetu walimtazama wakacheka chini kwa chini. Akapangwa na kijana wetu mmoja, fundi wa miruko, anajizungusha mzunguko mzima hewani, wanaiita helikopta.

Wameachiwa. Kijana kwenye mruko wa kwanza akaenda juu, akajizungusha, umati wetu ukalipuka. Mama akaruka mruko wa kizamani, ule wa kutanua mikono na miguu hewani kama tai, ambao watu walikuwa wanafanya tangu miaka ya 1970 mchezo huu ulipokuwa wa wahuni wa milimani. Chini kabisa, hata mita moja sijui kama alifika. Nilikuwa nimesimama pale pa kutua, jembe mkononi, akapita mbele yangu karibu hivi. Nilichokisikia ni kitu cha ajabu: hakuna kishindo. Wengine wakipita unasikia pa, pa, pa, kila kichuguu kinapokea kipigo. Yeye ni sss, sss, sss, kama kitambaa kinachanwa taratibu. Kichwa chake hakipandi wala hakishuki. Kijana alikuwa mbele kwa kasi, mbele kwa mruko, lakini baada ya helikopta alitua nyuma kidogo ya mbao zake, na kwenye vichuguu ukishakaa nyuma umekwisha, mbao zinakuwa bosi. Akafika chini wa kwanza, mikono inapepea. Vibendera vikainuliwa: vitano vya bluu. Vya mama. Hata waamuzi wetu wawili!

Nikamsikia fundi wa lifti nyuma yangu anasema polepole, "Yule nani jamani?" Akajibiwa, "Huyo ndiye utakutana naye ukifika fainali."

Na alikutana naye. Ila kwa upande wa vituo mambo yalishaisha zamani. Pointi za pamoja, majirani walitupiga mapema, kwa sababu ambayo nimeshawaambia: mwaka ule zamu ilikuwa kwetu, wao wakaja kwenye vichuguu vyetu vibovu visivyo na mdundo, na bado magoti yao yalikuwa yanajua la kufanya. Mtu aliyezoea kila aina ya kichuguu, kibaya na kizuri, umpeleke wapi? Sisi tulikuwa tunajua mteremko mmoja.

Sasa fainali ya mtu mmoja mmoja ikabaki haina uzito wa vituo, na hapo ndipo watu walipotulia wakatazama mchezo. Upande wetu ukaanza kumshangilia mama wa basi. Watoto wa kwao waliokuwa wanasafiri naye shuleni, wenyewe wakaanza kumshangilia fundi wetu kwa sababu ya ndevu. Kengele zote zinapigwa kwa wakati mmoja. Fundi alishuka vizuri, nimpe haki yake, sijamwona akishuka vile tena. Akashindwa vibendera vitatu kwa viwili. Alipofika chini alimwinua yule mama na mbao zake, helmeti zikagongana, miwani ya mama ikaanguka, mimi ndiye niliyeiokota.

Kikombe kilikuwa ubao mmoja wa skii wa mti, wa kale, wenye majina yaliyochomwa kwa chuma cha moto. Lakini kilichouma hakikuwa kikombe. Makubaliano yalikuwa kwamba meneja wa kituo kilichoshindwa anakwenda kwa wenzake, anavaa jaketi lao, anahudumia lifti yao siku nzima.

Basi Jumamosi iliyofuata tukajazana magari, tukavuka bonde kwenda kumwona bosi wetu. Lifti ya kule ni ya zamani, kiti kinakuja kwa nguvu, lazima mtu akishike akipunguze kabla hakijampiga abiria nyuma ya magoti. Meneja wetu ni mtu wa ofisini. Kiti cha kwanza kilimburuta. Cha pili alikishika, akasahau kukiachia. Ukafika mahali kila baada ya viti vichache anabonyeza kitufe chekundu, lifti nzima inasimama, watu wananing'inia kule juu wanamwimbia. Na aliyekuwa mbele kabisa kwenye foleni, suruali ya jinzi ileile, anamwelekeza kwa sauti ya kuzoea watoto wakorofi, "Mkono wa kushoto, mpenzi. Wa kushoto!", alikuwa nani kama si yeye.

Haya, mvua imekata. Nawahi kazini, tutaonana wiki ijayo.