Tukutane Kwenye Yatokanayo

JUMA: Karibuni tena kipindini. Niko na dada Tatu, na nimeshamwonya: leo sitaki kusikia "vijana ni taifa la kesho".

TATU: (anacheka) Kesho hiyo tumeingoja tangu shule ya msingi! Mimi nataka tuongelee mkutano mkuu wa kijiji hapa Tanzania.

JUMA: Ule wa chini ya mwembe? Dada, vijana wanaukimbia. Wazee wanaongea wee, mpaka jua linazama.

TATU: Basi wataendelea kuamua wao. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe pale, haulizwi kadi ya chama. Na unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu.

JUMA: Wapo wanaokuja, ila wanakaa juu ya pikipiki kule pembeni. Ikifika "mengineyo" ndiyo kelele zinaanza.

TATU: Wameshachelewa! Kwenye mengineyo mwenyekiti anaangalia saa, utaambiwa "tumelipokea, tutalifanyia kazi". Mjanja anaingilia kwenye yatokanayo, pale mnapofuatilia yaliyoamuliwa kikao kilichopita. Muhtasari wa kikao kilichopita ukishasomwa, unanyoosha mkono kwa adabu: "Mwenyekiti, hapa imeandikwa mabati ya zahanati yatafika kabla ya masika. Masika yameisha. Mabati yako wapi?" Hujamtukana mtu, umesoma karatasi yao wenyewe.

JUMA: Mtendaji wa kijiji jasho linamtoka.

TATU: Kisha unaongeza: "Naomba jibu liandikwe." Kikao kijacho unalikuta palepale.

JUMA: Ila kuna kijana ataona mabati ni madogo, yeye anataka kubadilisha nchi.

TATU: Rebeca Gyumi, mwanasheria, naye alishika karatasi. Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17: binti aliweza kuozwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hata 14 mahakama ikiruhusu, wakati mvulana ni 18. Akafungua kesi. Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 ikashindwa.

JUMA: Na sheria ikabadilishwa?

TATU: Serikali ilipewa mwaka mmoja kuirekebisha. Ukapita hivi hivi. Ukishinda kesi, bado una yatokanayo ya kufuatilia.

JUMA: Haya, turudi kijijini. Kijana anasimama kumhoji mwenyekiti, kumbe ni baba yake mdogo. Anafanyaje?

TATU: Hapo pagumu, sikudanganyi. Mimi ningempitia jioni yake: "Shikamoo baba, kesho nitauliza habari ya mabati." Asishtukizwe mbele za watu. Halafu usiende peke yako. Nendeni hata watano, mmoja aulize, mwingine aandike. Akiitwa mmoja pembeni kutishwa, wenzake wanajua.

JUMA: Na anayekitaka kiti chenyewe?

TATU: Akifikisha miaka 21 anaweza kugombea uenyekiti, ila lazima adhaminiwe na chama. Kwangu mimi, mwenye daftari la vikao vitatu mfululizo anakijua kijiji kuliko wagombea wengi wa fulana na kofia.

JUMA: (anacheka) Hapo umegusa watu! Wasikilizaji, tutumieni ujumbe wa sauti: kwenu mapato na matumizi yalisomwa lini mara ya mwisho? Wa mjini nanyi msijifiche, mtaa wenu una mkutano pia.