Mihimili Sita, Mbuzi Mmoja

TATU: Gasper, leo usinianzishie salamu ndefu. Mbuzi ameachiwa jana magharibi.

GASPER: Kwa dhamana?

TATU: Kwa elfu thelathini. Risiti hakuna.

GASPER: (anacheka) Wasimulie wasikilizaji wetu basi, maana wapo waliodhani ule ujumbe wako wa sauti ulikuwa utani.

TATU: Mdogo wangu amejifungua, hilo mnalijua. Tukanunua beberu wa akika, tukamfunga uani kwenye mwarobaini. Usiku kamba ikakatika. Akaingia kwa jirani, akamaliza tuta zima la matembele, na kanga iliyoanikwa akaitafuna pindo. Kulipokucha, mwenyekiti wa mtaa huyo, kamswaga mbuzi mpaka kwake. Namfuata, naambiwa kuna sheria ya mtaa ya mifugo inayozurura. Imeandikwa wapi? "Tulikubaliana kikaoni." Hasara anapima nani? Yeye. Faini anapokea nani? Yeye. Nisiporidhika nikate rufaa wapi? "Njoo jioni nikishapumzika."

GASPER: Huyo ni Bunge, ni polisi, ni hakimu...

TATU: Na magereza! Mbuzi analala kwake.

GASPER: Haya, umenirahisishia kazi. Leo nilipanga mambo matatu: mihimili ya dola, namna inavyodhibitiana, halafu Muungano. La kwanza. Kila mtu anaimba mihimili mitatu. Fungua Ibara ya 4 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 uhesabu: vyombo viwili vya utendaji, viwili vya utoaji haki, viwili vya kutunga sheria. Hivyo ni sita.

TATU: Kwa sababu ya Zanzibar.

GASPER: Ndiyo. Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi, Bunge na Baraza la Wawakilishi, mahakama za huku na za kule. Ila rufaa za pande zote mbili zinakuja kukutana Mahakama ya Rufani.

TATU: Na mbuzi?

GASPER: Mifugo si jambo la Muungano, kila upande unajipangia.

TATU: Afadhali, maana nilishaanza kutafuta nauli ya boti. Hebu niambie, mkuu wa wilaya si anaruhusiwa kumweka mtu ndani saa 48?

GASPER: Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Mkuu wa mkoa naye anaruhusiwa. Lakini si kwa sababu umemnunia. Lazima pawe na kosa ambalo mtu anaweza kukamatwa nalo, au dalili kwamba utavunja amani. Aandike sababu zake. Na zisipite saa 48 hujafikishwa kwa hakimu, la sivyo uachiwe.

TATU: Wangu saa 48 zilimpita anacheua.

GASPER: Angefikishwa kizimbani angesema nini?

TATU: "Mee." Karani anaandika: mshitakiwa amekana shitaka.

GASPER: Wakili wake anaomba dhamana, upande wa mashitaka unapinga, unasema akiachiwa ataharibu ushahidi.

TATU: Ushahidi ameshaula, mheshimiwa! Matembele yote yako tumboni!

(Wanacheka kwa muda.)

GASPER: Sawa, sawa. Lakini hoja ni hiyohiyo. Mkuu wa wilaya ni mteule wa Rais, si hakimu, na bado sheria imempa ufunguo wa mahabusu. Mwenyekiti wako anaiga wakubwa. Na huko juu mchanganyiko umeandikwa ndani ya Katiba yenyewe. Ibara ya 62: Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Ibara ya 55: mawaziri watoke miongoni mwa wabunge. Rais ana nafasi 10 za kuteua wabunge, kwa hiyo akimtaka mtu uwaziri, leo anampa ubunge, kesho wizara. Mtu huyo anaingia ukumbini kuisimamia Serikali ambayo ni yeye mwenyewe. Wakenya mwaka 2010 walikataa. Ibara yao ya 152: waziri asiwe mbunge.

TATU: Ikawasaidia nini? Miaka inapita mawaziri hawaonekani ukumbini, mpaka kanuni zikabadilishwa ndipo wakaanza kuja kujibu maswali. Mimi nataka waziri wa maji aketi pale, mbunge wangu amuulize bomba la kwetu lina nini, na kamera imkazie usoni.

GASPER: Anajibu, halafu anapiga kura kujipitishia bajeti yake.

TATU: Na kule? Muswada wa Fedha wa 2024 ulipita Bunge la Taifa tarehe 25 Juni, na hapakuwa na waziri hata mmoja mwenye kura. Waliouzuia ni vijana barabarani, na wapo waliokufa siku hiyo. Kesho yake ndiyo Rais akasema hasaini. Mawaziri walikuwa nje, wabunge wakapitisha vilevile.

GASPER: Umechagua siku yako, nami nachagua yangu. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya inafuta uchaguzi wa Rais aliye madarakani, majaji wanne kwa wawili. Kwetu Ibara ya 41(7) inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake.

TATU: Hapo nakuunga mkono asilimia mia, lakini usinihamishie mada. Tunabishania mawaziri, wewe unaniletea majaji.

GASPER: Ni jambo moja.

TATU: Si jambo moja. Uingereza mawaziri wanatoka bungeni, na mwaka 2019 Mahakama yao ya Juu, majaji 11 bila hata mmoja kupinga, ikasema Waziri Mkuu Boris Johnson alikosea kisheria kulisimamisha Bunge. Mawaziri ndani, mahakama ngumu. Vyote viwili.

GASPER: Waingereza wana mazoea ya mamia ya miaka. Sisi tulichukua muundo, mazoea yakabaki kwao.

TATU: Basi shida ni mazoea, si waziri kukaa bungeni. Umemaliza mwenyewe.

GASPER: Sijamaliza. Mazoea yanatengenezwa na sheria inayobana. Ukiacha mlango wazi ukisubiri watu wazoee adabu, utasubiri sana.

TATU: Sikubali.

GASPER: Nami sikubali.

TATU: Basi. Twende la pili.

GASPER: La pili, kudhibitiana. Ibara ya 97, naipenda hiyo! Rais akikataa kusaini muswada anaurudisha na sababu. Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote, Rais ana siku 21: asaini, au avunje Bunge.

TATU: Yaani mbunge anayekaza shingo anajiitishia uchaguzi.

GASPER: Ndiyo maana shingo hazikazwi.

TATU: Kuna msikilizaji kauliza mbona Montesquieu hujamtaja mpaka sasa.

GASPER: Namtaja. Huyo anayeitwa baba wa mgawanyo wa madaraka, ujaji wake kule Bordeaux aliurithi kwa ami yake, halafu mwaka 1726 akauuza.

TATU: Akauza ujaji?

GASPER: Ufaransa ya wakati ule ilikuwa halali.

TATU: Jamani. Na mimi nalalamikia elfu thelathini.

GASPER: Sasa Muungano. Hapa nina kurasa nne...

TATU: Fundi anaonyesha vidole viwili.

GASPER: Vidole viwili vya nini? Sijafika hata kwenye orodha! Mambo ya Muungano yalianza 11 mwaka 1964, leo ni 22. Niguse tu yalivyoongezeka, lile la mafuta peke yake...

TATU: Lile la mafuta linataka kipindi chake. Wasikilizaji, mwenye swali atume sauti isiyozidi dakika moja. Mzee wetu wa Tanga, shikamoo, ya kwako bado naisikiliza, niko katikati.

GASPER: Na kuhusu mawaziri hujanijibu.

TATU: Nimekujibu, jibu ndilo hulipendi. Fundi, kata.