Bweni la Div One au dei ya Cambridge: nilivyoongea na wazazi wa darasa la saba

Wazazi wenzangu habari za asubuhi, asanteni kwa kunialika, wa nyuma mkishindwa kunisikia nyoosheni mkono maana hii mic inakoroma. Nimeambiwa niongelee kuchagua sekondari ya private, mada pana hiyo, mi nitaongelea shule mbili tu ambazo mimi na baba yake tulizivutania kwa ajili ya kijana wetu, na majina sitaji, sijaja kumharibia mtu biashara.

Ya kwanza bweni, wavulana watupu, huko kaskazini, mtaala wa taifa na mitihani ya NECTA, yani Baraza la Mitihani, kuamka saa kumi na nusu alfajiri, misa, usafi, prepo yani kujisomea mpaka usiku, simu marufuku, na joining instruction ndefu kuanzia tranka na godoro mpaka fyekeo na rimu za karatasi. Form Four yao Div One tupu, yani daraja la kwanza, Two za kuhesabu. Baba yake alisoma seminari kwaiyo alipoliona geti tu mjadala kwake ukaisha, anasema mwanaume asiyejua kufua soksi zake hajasoma huyo. Ya pili dei, hapahapa Dar, mtaala wa Cambridge wa Uingereza, darasa halifiki watoto ishirini, maabara ya sayansi wanaingia kweli sio siku ya mkaguzi tu, na walimu wanaitwa kwa jina la kwanza, hiyo ilimkera baba yake kuliko hata ada.

Sasa mi ni mwalimu, nianze na hiyo Div One inayotutoa macho. Div One ni pointi 7 mpaka 17 kwa masomo saba bora, A pointi 1, B pointi 2, C pointi 3. Mtoto mwenye B nne na C tatu ana 17, Div One hiyo, na C inaanzia maksi 45! Yani huyo na mwenye A saba wote wako kwenye bango moja pale barabarani. Halafu mnakumbuka Januari 2023, matokeo ya Form Four ya 2022 yalivotoka NECTA wakasema hawatangazi tena shule kumi bora wala wanafunzi bora. Sawa, ila mabango hayakushuka, shule zinajitangaza zenyewe sa hivi.

Kwaiyo fanyeni hivi, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo kitu chenyewe nilichojia. Ingia tovuti ya NECTA, tafuta matokeo ya Form Two ya shule unayoitaka, tuseme ya 2022, hesabu watahiniwa. Halafu fungua Form Four ya 2024 ya shule hiyohiyo, wale wale wamefika Form Four, hesabu tena. Hauhitaji majina, unahitaji idadi. Ni kweli wapo waliohama kwa sababu baba kahamishwa kazi, wapo waliorudia, wapo wageni waliongezwa katikati, ndo maana usiangalie mwaka mmoja, rudi nyuma miaka mitatu minne. Sisi kwenye lile bweni tukakuta kila mwaka kama robo ya watoto haifiki Form Four. Kila mwaka! Nikampigia mkuu wa shule kwa heshima zote, akaniambia mama, wanahama kwa hiari. Nikarudi kwenye joining instruction, kule mwishoni baada ya orodha ya ndoo na sabuni, pameandikwa wastani wa shule ni 60. Mwenye 58 ndo anahama kwa hiari sasa.

Kijana wetu ni wa 55 huyo. Sio mjinga, ni mzito kuanza, topiki ikimwingia imemwingia lakini itachukua wiki tatu wakati wenzie wameshahamia topiki nyingine. Shule yenye Div One tupu kwa kuchuja haijamfundisha mtoto wa 55, imemwondoa tu, na ukishaelewa hilo lile bango halikusemeshi kitu kuhusu mwanao.

Yule mkuu wa shule nilimuuliza pia habari ya viboko. Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Omba kukiona hicho kitabu. Mimi sikuoneshwa.

Msinipigie makofi bado, Cambridge nayo ina mtego wake, na mtego wake ni hela. Tangu Machi 2025 ni marufuku kutoza kwa fedha za kigeni humu nchini kwaiyo utaandikiwa shilingi, vizuri, ila mitihani inalipiwa somo kwa somo nje ya ada, na muhula wao unaanza Agosti au Septemba wakati wa kwako kamaliza la saba Septemba hiyohiyo. Lakini ubaya wenyewe ni ukiishiwa katikati. Mtoto katoka Year 10 hana matokeo ya Form Two ya NECTA, kumrudisha Form Three ni kasheshe, nimeona watoto wenye akili zao wanaishia kupitia QT, ule mtihani wa maarifa wa watahiniwa wa kujitegemea, kama watu wazima. Ila akifika IGCSE, mtihani wa Cambridge unaolingana na Form Four, akamaliza, NECTA wanavilinganisha vyeti na anaweza kuingia Form Five ya kawaida. Kwaiyo swali sio naweza kulipa muhula huu, swali ni naweza kumfikisha IGCSE hata kazi ikiisha kesho?

Baba yake yuko kwenye mkataba, unaisha unasainiwa, unaisha unasainiwa. Tukauza kiwanja cha Kigamboni, hela ikaenda akaunti ya peke yake, haiguswi hata kwa msiba, inatosha mpaka IGCSE na baada ya hapo atarudi NECTA Form Five na wenzie. Ndo akaenda dei. Baba yake alikubali kwa shingo upande, na soksi anafua mwenyewe kila Jumamosi, hilo hatukubishana. Kama tusingekuwa na kiwanja ningempeleka bweni lingine la NECTA, lenye Div Two nyingi na Three kadhaa ila waliofanya Form Two wote unawakuta Form Four, na yapo, hayana mabango tu.

Swali? Ndiyo baba. Hapana, interview haikuambii hiyo, interview inampima mtoto, haiwapimi wao. Wewe mama wa kitenge cha njano umesema wako anataka shule gani? Haya toa simu, na wenye bando mtoe, tuanze na hiyo, fungua Form Two ya 2022.