Alikimbia kwa Sekunde 4.22, Hakudaka Pasi Hata Moja

Asanteni sana. Kaeni, ndugu zangu. Muda ni mfupi na jambo lenyewe mnalijua, kwamba mdaka pasi hapimwi kwa saa ya mbio peke yake, maana nimelipigia kelele kila nilipopewa kipaza sauti. Sitaeleza daun, yale majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Aliyekuja hapa leo anajua futiboli ya Kimarekani. Ninachotaka tukiache ni kile kilio cha kila Septemba, ligi ya NFL inapoanza. Risiva chipukizi, mdaka pasi wa msimu wa kwanza, aliyechukuliwa kwenye raundi za mwisho za drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, anadaka pasi 10 katika mechi yake ya kwanza, watu wazima wanabaki kusema: bahati hiyo, muujiza huo, huyu katokea wapi? Katokea palepale walipokataa kutazama. Wao walikuwa wanatazama saa.

Saa ya yadi 40. Turudi mwaka 2017. Kwenye vipimo vya Indianapolis, timu zinapowapima wachezaji wa vyuo kabla ya drafti, John Ross wa Chuo Kikuu cha Washington alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, rekodi ya vipimo vile kwa wakati ule. Cooper Kupp wa Eastern Washington, chuo kidogo cha jimbo hilohilo, alikimbia kwa 4.62. Cincinnati Bengals wakamchukua Ross nafasi ya 9. Kupp akangoja mpaka raundi ya tatu, nafasi ya 69, ndipo Los Angeles Rams wakamwita. Msimu ulipokwisha Kupp alikuwa amedaka pasi 62 kwa yadi 869. Ross hakudaka hata moja. Sifuri!

Najua mtaniambia Ross aliumia. Kweli, mwili ulimsumbua sana, na hilo simlaumu. Nawalaumu waliosoma namba moja kwenye karatasi wakadhani wamemsoma mchezaji. Tofauti ya sekunde 0.40 mwishoni mwa yadi 40 ni zaidi ya yadi 3, si kitu kidogo. Lakini kwotabeki wa ligi hii, yule mrusha pasi, kwa kawaida huachia mpira sekunde mbili na nusu hadi tatu baada ya snapu, yaani mpira unapoanzishwa. Katika muda huo hakuna binadamu aliyemaliza yadi 40. Ruti nyingi, zile njia anazopangiwa risiva kukimbia, zinakatwa kati ya yadi 5 na 15, na hapo anayeshinda ni yule anayejua kupunguza mwendo haraka, si anayejua kuuongeza.

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, kwa sababu hiki ndicho kisichoonekana kwenye televisheni.

Chukueni ruti ya digi. Risiva anakwenda mbele moja kwa moja yadi 12 hadi 15, kisha anakata ndani kuelekea katikati ya uwanja. Kosa la kwanza la chipukizi ni kuinua kifua hatua nne tano kabla ya kukata. Konabeki mzuri, yule mlinzi anayemkaba risiva, hatazami macho ya mtu, anatazama kiuno na kifua. Kifua kikiinuka anajua breki imeanza, naye anafunga yake. Inavyotakiwa ni kushusha nyonga huku mabega yakibaki mbele ya vidole vya miguu, hatua tatu fupi, mguu wa nje unakita, kichwa kinageuka kabla ya kiwiliwili. Ukihitaji hatua sita kusimama, mpira umeshatoka mkononi mwa kwotabeki na wewe bado unatafuta mizani.

Kosa la pili ni kupanda. Ameshakata vizuri, lakini badala ya kukimbia sambamba na mistari ya yadi anateleza kwenda juu ya uwanja, mbali na kwotabeki, yadi moja, yadi mbili. Mlinzi anapita chini yake, kati yake na kwotabeki, na pasi iliyorushwa sawasawa inaishia mikononi mwa mpinzani. Jukwaa zima linamzomea kwotabeki. Kosa ni la risiva!

La tatu ndilo zito kuliko yote: kusoma ulinzi ukiwa mbioni. Wakikulinda mtu kwa mtu, usisimame, endelea kukimbia umwache anayekufuata. Wakilinda kwa kanda, kila mlinzi na eneo lake, ukiendelea kukimbia unajipeleka mwenyewe kwa lainibeki wa pili, mlinzi wa katikati. Unatakiwa utulie kwenye pengo kati ya wawili na umgeuzie kwotabeki namba za kifuani. Na kwotabeki, aliyesimama yadi kadhaa nyuma ya mstari huku watu wa kilo 130 wakimjia, lazima awe ameamua vilevile ulivyoamua wewe, kwa wakati uleule. Mkitofautiana, mpira unaanguka mahali pasipo na mtu.

Sasa nileteeni Puka Nacua. Drafti ya 2023, raundi ya tano, nafasi ya 177, Rams walewale. Raundi ya kwanza peke yake marisiva wanne walikuwa wamechukuliwa mfululizo, nafasi ya 20 hadi ya 23: Jaxon Smith-Njigba, Quentin Johnston, Zay Flowers, Jordan Addison. Nacua alitoka Brigham Young, majeraha yalikuwa yamemkosesha mechi chuoni, na mbio zake za yadi 40 zilizidi sekunde 4.5. Wenye saa wakaendelea na shughuli zao.

Tarehe 10 Septemba 2023, Seattle. Kupp yuko nje, msuli wa nyuma ya paja. Nacua analengwa kwa pasi mara 15, anadaka 10, yadi 119. Wiki inayofuata dhidi ya San Francisco 49ers analengwa mara 20, anadaka 15, yadi 147. Pasi 25 katika mechi mbili za kwanza za maisha yake kwenye ligi; hakuna aliyewahi kuzifikisha. Mwenye kurusha ni Matthew Stafford, yuko kwenye ligi tangu 2009. Mtu wa umri huo hamlengi kijana mara 35 katika wiki mbili kwa hisani. Alimrushia kwa sababu kila alipoangalia kwenye pengo, kijana alikuwa ameshafika.

Msimu ukaisha na pasi 105 kwa yadi 1,486. Rekodi zote mbili za chipukizi zikaanguka: Jaylen Waddle alikuwa amedaka 104 mwaka 2021. Yadi 1,473 za Bill Groman zilikuwa zimekaa tangu 1960. Kwenye mchujo, huko Detroit, akaongeza 9 kwa yadi 181. Rams walifungwa 24 kwa 23, lakini si kwa ajili yake.

Sasa yule anayetikisa kichwa pale nyuma nimjibu kabla hajainua mkono. Groman alicheza mechi 14, Nacua 17. Kwa wastani Groman ana yadi 105 kwa mechi, Nacua 87. Odell Beckham Jr., chipukizi wa mwaka 2014, alicheza mechi 12 tu akapata 1,305, zaidi ya 108 kwa mechi. Nakubali yote. Hata ile rekodi ya kudaka haikumaliza mwaka mmoja: 2024 Malik Nabers alifika 109 na Brock Bowers, ambaye ni taitiendi, mdakaji anayekinga pia, 112. Hoja yangu haijawahi kuwa rekodi. Beckham alichukuliwa nafasi ya 12, Nabers ya 6, Bowers ya 13; wale walitarajiwa. Nafasi ya 177 haitarajiwi hata kuvaa jezi siku ya mechi. Rams waliweza kumwona kwa sababu walikuwa wameishi na Kupp miaka sita, na mwaka 2021 Kupp huyohuyo wa 4.62 alidaka 145 kwa yadi 1,947. Walijua mtu wanayemtafuta anafanana na nani.

Kuna mambo mengine yanayomwangusha chipukizi, nayo hayahusiani na kipaji. Upana wa uwanja ni uleule, yadi 53 na theluthi, lakini zile alama za katikati mpira unapowekwa zinatofautiana. Chuoni ziko futi 40 mbali, kwenye ligi futi 18 na inchi 6. Mpira ukiwekwa alama ya kushoto, upande wa kulia chuoni una futi 100; kwenye ligi una futi 89 na inchi 3. Kijana anajipanga kwa mazoea, ruti ya kwenda nje inamwishia nje ya mstari. Na hata akidaka, chuoni mguu mmoja ndani unatosha, kwenye ligi inatakiwa yote miwili. Kuburuza vidole vya mguu wa pili huku mwili umeshaelemea nje ni kazi ya mazoezi ya kila siku, haiji yenyewe.

Naona naonyeshwa saa, kwa hiyo haya nayapitia mbio. Yadi 5 za kwanza: konabeki anaruhusiwa kukugusa, akikuzuia zaidi ya hapo ni adhabu ya yadi 5 na daun ya kwanza. Chipukizi wengi wanachezacheza miguu pale mstarini wanajimalizia sekunde nzima. Hatua moja ya kumdanganya, mkono unaondoa mkono wake, ukishampita rudi umkae mbele ili awe mgongoni kwako.

Kukinga, yaani kumzuia mlinzi kwa mwili ili mwenye mpira apite. Sean McVay, kocha wa Rams, huwapanga marisiva karibu kabisa na watu wa mstari, na kutoka pale wanatakiwa kukinga watu wakubwa kuliko wao. Nacua alikinga tangu siku ya kwanza. Risiva asiyekinga inabidi atolewe kwenye mipira ya kukimbia nayo, isiyo ya pasi, na mlinzi yeyote akimwona anaingia anajua inakuja pasi.

Mwendo wa kabla ya snapu nauacha, unahitaji ubao. Mkipata mechi ile ya Seattle, msifuate mpira. Simamisheni picha kwenye snapu, kisha endesheni taratibu mkitazama kifua cha Nacua, jezi namba 17, mpaka anapokata. Hesabuni hatua zake.

Maswali. Dada wa mstari wa mbele, tuanze na wewe.